Mhunzi wa Saa Tatu Hadi Saa Kumi na Moja

Nalipwa kwa saa kuwa mtu aliyekufa.
Asubuhi navaa viatu vya mbao,
naficha simu ndani ya pipa la misumari,
navukuta moto,
na mwaka unakuwa elfu moja mia sita arobaini na tano
mpaka lango lifungwe.

Misumari yangu ni ya kweli. Sina fahari nyingine.
Nyundo ikilia, cheche zikiruka, watoto hurudi nyuma,
na nyuma ya mlango, chini ya gunia,
mtungi mwekundu wa kuzimia moto
unangoja zama zake.

Mengine yote hapa ni ya kujengwa upya.
Mapadri waliichoma misheni kwa mikono yao wenyewe,
wakaondoka kwa maji,
na wenyeji waliobakizwa na vita na ndui wakaondoka nao, wana njaa.
Msitu ukafunika. Ng'ombe wakalisha juu.
Kisha wakaja watu wa vijiko na brashi,
wasikute ukuta,
wakakuta duara nyeusi kwenye udongo wa manjano,
moja, na nyingine, na nyingine,
kila pahali nguzo ilipoozea ikaacha weusi wake.
Juu ya weusi huo tukasimamisha nguzo mpya.
Yaliyopita si ndwele, wanasema wanaosema.
Sisi tunayakatia tiketi. Watoto nusu bei.

Huguette alikuja kutoka Wendake, mwendo wa siku nzima kwa gari,
na mjukuu wake Oriane aliyevaa koti la mvua
ingawa mvua haikuwepo.
Kanisani hakuingia. Alichungulia, akasema, "Baridi,"
akapita kwangu bila kutazama misumari.
Mtoto ndiye aliyebaki.
"Wewe unalala wapi?"
Nikajibu nilivyofunzwa: "Darini, pamoja na panya watatu."
Akautazama mkono wangu, pale saa ilipoacha ngozi nyeupe.
"Mwongo," akasema. Hakuwa na ubaya.

Nikawafuata hadi nyumba ndefu ya magome.
Moshi. Ngozi za fisi-maji. Mahindi yamening'inia
kwa misuko mirefu kutoka kwenye boriti.
Huguette alisimama chini yake kwa muda.
"Nani kasuka haya?"

Mimi. Mwezi wa nne. Kwa kufuata mchoro.

Akayatungua.
Kibao kipo ukutani, USIGUSE, kwa lugha mbili,
na yeye anazisoma zote mbili.
Akaketi ukingoni mwa kitanda cha magome, akafumua kazi yangu yote,
akalowesha maganda kwa maji ya chupa yake ya plastiki,
akaanza tena:
ganda juu, ganda chini, ingiza gunzi, kaza.
Oriane akimpa moja moja.
Mikono ile haikuwa ikionyesha mtu kitu.

Wakaingia wageni wa basi, wakanyamaza.
Mmoja akapiga picha, kisha wote.
Mzee mwenye kofia ya uvuvi akainama mbele yake
akauliza polepole, kama asemaye na kiziwi:
"Bibi, hapa kwenu ni mwaka gani?"

Huguette akakata uzi kwa meno.
"Jumanne," akasema.

Nilicheka peke yangu.
Mzee akaandika jibu kwenye daftari.

Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza siku ile.
"Kigingi chenu kimeoza. Nipe msumari."
Nikakimbia na viatu vile, kelele ko-ko-ko uani,
nikatia mkono pipani, nikagusa simu kwanza,
ikawaka usoni mwangu: saa tisa na robo, ujumbe wa mama.
Nikachimba chini zaidi.

Misumari elfu ngapi nimefua, ya kuonyesha,
inayorudi pipani jioni kuliwa na kutu.
Akaupokea bado una masizi,
akaupiga kwa jiwe la jikoni, mara nne,
akauvuta kuupima.
Akauvuta tena.