Samaki Nchanga

Mama alisema: ficheni.
Chini ya ungo, juu ya ungo kanga,
juu ya kanga jiwe.
Wageni wanatoka Bukoba, siku tatu njiani,
watu wa ndizi na mvua.
Watatuona sisi ni nani?

Nikaficha.
Vijiti saba, kila kijiti wanne,
wamebanikwa hadi wakakauka, mikia imejikunja
kama herufi zilizokataa kusomeka.
Mjomba Nalimu aliwategea wiki nzima
kwenye mihogo kule Kitangari,
akirudi na umande hadi magotini,
akiwahesabu kwa sauti ya kuhesabia mahari.
"Mpwa wangu anaolewa," alifoka,
"halafu mnapika kuku?
Kuku hata polisi wanakula."

Lakini kuku akapikwa, wa kuazima,
na wali wa dukani,
na maji madumu kumi na mawili
yaliyopanda kilima kwa baiskeli.
Ukungu wa Juni, ule wa Newala,
ukaingia bila hodi
ukakaa mkekani kama mkwe.

Bi Kokushubila, shangazi wa bwana harusi,
alikuja amekumbatia begi jeusi.
Ukimpokea, hakupi.
Akala vijiko vitatu,
akamsifu kuku kwa maneno ya kuazima naye,
akauliza choo kiko wapi.

Kwetu njia ya choo hupita jikoni.

Nilimkuta amechuchumaa kando ya kinu,
begi wazi, shavu limejaa,
kru, kru, kru,
kama mtoto aliyeiba sukari.
"Usimwambie mtu," alisema.
"Mwanangu ameniapisha:
shangazi, huko Kusini usitoe wadudu."
Akafungua kiganja.
Senene. Kahawia, bila mabawa, bila miguu,
wanang'aa chumvi na mafuta.

Sasa ningefanya nini?
Nikatoa jiwe.
Nikatoa kanga.
Nikainua ungo.

"Hawa?"
"Samaki nchanga," nikajibu,
maana ndivyo tunavyowaita mbele za watu:
samaki wasiojua maji,
wanaoogelea gizani chini ya mihogo.
"Samaki," alirudia polepole,
na jicho lake likateremka hadi mkiani
likakaa hapo.
"Basi na hawa wetu," akasema, "ni kamba wa angani."

Tukacheka hadi Mama akaja na mwiko.

Nisiseme uongo: hakumpenda.
Alitafuna, akatafuna, akatafuna,
macho yakamtoka, akameza kwa adabu,
akasema chumvi imekolea vizuri.
Mimi senene wa kwanza nilimhisi kama karanga
iliyowahi kuruka.
Wa pili nikamwomba mwenyewe.
Wa kumi Mama alikuwa naye mdomoni
akiwa bado anagomba.

Kilichowamaliza wageni ni ming'oko.
Haikuwa ya sherehe; ilikuwa ya watoto,
imechemka na maji kidogo, chumvi kidogo,
vijidole vya mizizi kutoka porini,
unabana kwa meno, ganda linabaki mkononi.
Yule mzee wao, Mutalemwa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi,
alikula fungu zima amesimama,
akauliza inapandwa mwezi gani.
Haipandwi, tukamwambia. Inatafutwa.
Akatikisa kichwa, akaongeza fungu.

Dada Somoe yuko Bukoba mwaka wa sita sasa.
Akipiga simu haulizi nani kafa.
Anauliza: ming'oko imetoka?
Nikamfungia kilo mbili kwenye gunia,
dereva akaapa kwa mama yake,
basi likaharibika njiani, siku ya nne, ya tano.

Jana amepiga.
Imefika na ukungu, anasema.
Sikujua ni ukungu upi,
wa kuoza au wa kwetu.
Ameiosha, anasema, ameichemsha hivyo hivyo.
Kisha hasemi kitu.
Nimeibana simu sikioni, salio linakwisha,
namsikia anatafuna.