Bizimu

Gerlinde anakunja waya, karakana ya nyuma,
Lüdenscheid, theluji imeziba dirisha.
Bizimu la kwanza lilikuwa na meno manne:
likautafuna ukanda wa begani wa babake
hata nyuzi zikatoka kama ndevu.
La pili, springi. Likafyatuka kanisani,
katikati ya sala,
suruali ya shemasi ikashuka bila kuaga.

Leo kipande cha bati,
matundu mawili, basi.
Ukanda unapanda huku, unarudi kule,
unajilalia wenyewe;
kadiri uzito unavyouvuta
ndivyo unavyojibana.

Mzee Ewald anainama kuokota kaa la mawe.
Anainuka. Anajipapasa kifuani.
"Hili mbona halina kitu?"

"Huo utupu, baba,
umenila miaka miwili."