Tundu la Tano

Mkanda huu niliununua Mtaa wa Kongo, una matundu manne,
nami nikatumia la mwisho, lile la karibu na ncha,
nikivuta tumbo ndani na kuziba pumzi
kama mtu anayelazimisha begi la safari lifunge.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua la kukausha mate.
Nilikwenda zahanati ya Tabata Relini kutafuta dawa ya mafua.
Sista Editruda akanifunga mkono, akapima, akatazama,
akaufungua, akaufunga mkono wa pili
kana kwamba wa kwanza umemdanganya.
Namba hakuitaja. Aliiandika.
Kisha akauliza, taratibu,
"Baba, una mtu wa kukurudisha nyumbani?"

Nilidhani ni chumvi tu. Nitaacha chumvi, yataisha.
Lakini Makwaya wa chipsi, aliponiona napita ng'ambo ya barabara,
aliniita kwa sauti ya mdai: "Bosi, nimekukosea nini?"
Hakunikosea kitu.
Miaka sita alinikaangia, nikala wima, gizani,
kisha nikaenda nyumbani kula tena
ili Zawena asijue.
Hilo ndilo somo la kwanza, na wala si la lishe:
kumbe nilikuwa mwizi,
na nyumba niliyoiibia ni mimi.

Nikaanza kutembea alfajiri, kando ya reli,
nikihesabu nguzo za umeme.
Siku ya kwanza, nguzo saba.
Mbwa wa gereji akanisindikiza, akachoka kabla yangu,
nikafurahi siku nzima.

Mwezi wa nne masika yakaninyang'anya njia.
Msimbazi ukapanda kingo, nami nikapanda kitandani.
Wanasema kuteleza si kuanguka.
Mimi nilianguka, nikakaa hapo hapo chini,
nikaagiza na soda.
Makwaya akaniongezea kachumbari ya bure,
akafuta kiti, akasema karibu nyumbani.

Wiki tano.
Aliyenitoa hakuwa daktari wala hofu.
Ni viatu vyangu vya mazoezi, mlangoni, vimeota ukungu wa kijani,
na Zawena ameviosha, ameviegemeza ukutani
bila kusema neno.

Mwezi wa saba nguzo zilifika arobaini
na presha bado imekaza shingo.
Sista akafunga daftari. "Kuna mtu unamchukia?"
Nikacheka. Zahanati gani inauliza hivyo?
Lakini asubuhi yake, nguzo ya kumi na mbili, nikamwona Ausi,
mdogo wangu wa tumbo moja,
na kile kiwanja cha Chanika,
na miaka mitatu ya kuitazama simu ikiita hadi inyamaze.

Nilimpigia Jumapili.
Kiwanja hatukukigusa.
Tuliongea goti la mama, bei ya saruji,
akakohoa, nikakohoa,
akasema, "Haya basi kaka," na hakukata.
Nami sikukata.
Salio ndilo lililotukata.

Sisemi presha ilishuka kwa sababu hiyo.
Vidonge nilikuwa nameza, mchicha nakula, ugali nusu sahani.
Nasema tu kwamba usiku ule nililala,
na kwa mara ya kwanza feni ilizunguka
bila mimi kuihesabu.

Jana, vuli imeshaanza kunyunyiza,
nilimpelekea fundi viatu mkanda wangu.
Akapasha msumari kwenye mkaa, akapima kwa jicho,
akatoboa. Ngozi ikatoa moshi kidogo.
Tundu la tano, upande wa ndani.

Akashika kisu akate ncha iliyozidi.
"Inaning'inia, mzee. Haipendezi."
Nikamwambia aiache.
Simjui mtu nitakayekuwa masika yajayo,
sitaki kumkatia njia ya kurudi,
wala sitaki asahau ametoka wapi.
Wacha uning'inie.
Unanigonga pajani nikitembea,
nguzo hadi nguzo.