Ondoa Kelele

Ya kwanza ilikuwa ya bure, ikanigongea muhuri
katikati ya ziwa, herufi nene, nyeupe,
kama ng'ombe wa mnadani.
Ndayanse akasema: lipa dola kumi na mbili kila mwezi, utafutika.
Kila mwezi! Hata mwenye nyumba wangu hapa Mwanga
hudai kodi ya miezi sita,
ila yeye kanipa choo na kitasa.

Ya pili ilikuwa nzito. Nikanunua bando la usiku,
nikaikesha kama mgonjwa,
asilimia tisini na tisa, umeme ukakatika.
Kesho yake ikashuka yote. Laptopu ikavuma
kama mashine ya kukoboa, nikaiwekea chini
sinia la maji baridi.
Ikakubali.

Nikapanga vipande vyangu arobaini na kimoja:
Tabora usiku, mizigo ikipitishwa madirishani;
Urambo, mkono na chupa ya asali, mwenye mkono haonekani;
Uvinza, chumvi ndani ya viroba;
kisha ziwa, ghafla,
kama mtu aliyeingia bila hodi.

Pembeni palikuwa na kitufe: Ondoa kelele.
Nikabonyeza.
Magurudumu yakanyamaza.
Mtoto wa kiti cha nyuma akanyamaza.
Na mama.

Mama, ambaye hayumo kwenye picha hata moja
(“Usinipige na kilemba hiki”),
alikuwa nyuma ya simu yangu njia nzima,
akikohoa, akimenya chungwa, akisemezana na dirisha:
“Hapa Malagarasi tulilala siku mbili,
reli imeliwa na maji, wewe tumboni.
Mwanamke mmoja akanipa uji.
Sikumuuliza jina.
Sijui kwa nini sikumuuliza.”

Programu ilimpima, ikamweka fungu moja na vyuma.

Basi mwenye hoteli ya kule Katonga
nimemkatia dakika zake tatu kwa hiyo ya pili:
maji, mchanga, kimya safi. Amelipa nusu.
Yangu nimeishonea kwenye ya tatu,
ya simu, ya kitoto,
haina rangi za sinema, haijui kuondoa kitu,
inakata na kuunga tu, kama fundi viraka.
Ndayanse alicheka mpaka akakaa chini.
“Nani ataitazama?”

Ina dakika kumi na tisa. Inatetemeka.
Jana jioni mama ameitazama mara mbili,
simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai,
migebuka inapoa sahanini.
Mara ya pili akanigeukia, amekunja uso:
“Huyo anayebwabwaja hivyo ni nani?
Mwambie anyamaze,
tusikie treni.”