Kozi

Waliposema kozi, nilidhani ni darasa na daftari.
Kumbe kozi ni mstari wa matofali.

Ya tatu ilipopinda, Fundi Nyamizi
aliisukuma kwa mguu, ikalala chini.
"Kwangua. Anza upya."

Mimi niliyekuwa nikilala stesheni ya Tabora,
juu ya magunia ya karanga,
nikisubiri mzigo wa mtu,
leo nimeshika uzi, nimefumba jicho moja.

Timazi inatikisika,
inatulia.
Haikuuliza niliishia darasa la ngapi,
wala baba yangu ni nani pale Isevya.
Imesema tu: nje, nusu kidole.
Nikagonga kwa mpini wa mwiko. Likaingia.

Saruji imenila viganja,
ugali nauchota kwa ncha za vidole.
Maziku alisema tutazoea.
Maziku mwenyewe jana hakuja.

Ijumaa ni lipu, kisha rangi,
zahanati itakuwa nyeupe, haitakuwa ya mtu.
Lakini kozi ya nne, kushoto kwa dirisha,
kuna tofali nililofyatua mwenyewe,
lina alama ya dole gumba langu.

Wagonjwa wataliegemea
wakisubiri kuitwa majina.