Jicho la Mguu

Łódź, Februari. Barafu imelala juu ya reli za tramu.
Nimeshuka kwa mguu wa kulia,
huu wa kushoto nikauteremsha kwa mikono
kama mtu ashushaye kikapu cha mayai.

Kisha ngazi kumi na nne hadi kwa Ireneusz, fundi wa magango.
Nani aliyeweka chumba cha viwete ghorofani?
Humuuliza kila mara. Kila mara hucheka,
hunisogezea kiti karibu na tanuri.

Hii ni mara ya tano, Ireneusz.

Gango lako jeupe, jepesi, limefuata shavu la mguu
kama ganda lifuatavyo kokwa.
Lile la kwanza, nililofungwa nina miaka minne,
homa ikiwa imekwenda na nusu ya mwendo wangu,
lilikuwa chuma, ngozi ya ng'ombe na bizimu tatu,
nalo lililia kama lango la kiwanda.
Dada yangu Halszka alilipaka mafuta ya alizeti
nisisikike nikiingia kanisani.

Hili halilii. Hili hunyamaza,
na likinyamaza, hung'ata.

"Panauma wapi?"
Hapa.
"Hapa wapi?"
Hapa, au hapo jirani yake.
Adhabu ya kaburi aijua maiti, sawa,
lakini maiti haambiwi aonyeshe kwa kidole.
Maumivu yakiitwa mbele ya fundi huona haya,
hungoja nifike nyumbani, nitundike koti,
niweke birika motoni,
ndipo yabishe hodi.

Mara ya kwanza ulikata ukingo.
Mara ya pili ulibandika sifongo.
Mara ya tatu ukaniambia nivumilie.
Mara ya nne nilikuwa nimevumilia:
ukakiona kidonda, ukavua miwani,
ukaifuta muda mrefu.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama kwenye mitambo ya kufuma.
Uzi mmoja uliokazwa kuliko wenzake
huharibu jora zima,
na huo hauonekani kwa kutazama.
Unafumba macho, unapitisha kiganja,
unangoja kitambaa kiseme.

Basi leo nimekuja na ushahidi.
Halszka ameniachia kopo la vifungo
na rangi ya mdomo, nyekundu ya cheri, imebaki nusu.
Usicheke.
Kifupa hiki kilichotokeza, jicho la mguu,
nililipaka wanja wake mwekundu,
nikavaa gango, nikakaza mikanda,
nikaenda hadi dirishani, nikarudi,
nikaenda tena, makusudi, kwa uzito wangu wote.

Vua.

Ndani, kwenye ule weupe, busu.
Si pale ulipokata.
Si pale nilipoonyesha, naapa, kwa kidole changu mwenyewe.
Vidole viwili nyuma yake.
Wiki saba tulikuwa tukibishana juu ya nyumba ya jirani.

Ukawasha bomba la hewa ya moto.
Plastiki ikalegea, ikanuka kama mshumaa uliozimwa,
ukaisukuma kwa kitako cha mpini, taratibu,
ikafanya kishimo, pahali pa kulaza nusu ya kokwa.
Ukangoja ipoe. Nikangoja nawe.
Nje mtu alikuwa akikwangua kioo cha gari.

Soksi nikaivaa nje ndani,
mshono ukiitazama dunia badala ya kunitazama mimi.
Hilo hukunifundisha wewe.

Sikupona. Mguu ni uleule,
mwembamba kama mpini wa ufagio,
na ngazi ni zilezile kumi na nne.
Ila nilikuwa karibu na kituo,
nikipiga hesabu ya viazi, kabichi na mkate wa mbegu,
nikijiuliza kama Jumamosi mpwa wangu atakuja na mkewe
au peke yake tena,
nikashtuka:
hatua mia mbili, pengine zaidi,
sikuwa nimeufikiria mguu.

Tramu ikaja. Nikaupandisha kwa mikono.
Ndani ya soksi, rangi ya Halszka
ilikuwa bado haijafutika.