Kiatu cha Kushoto

Amekuja tena, viatu vyake namba arobaini na saba
vimefungwa kamba kwa kamba, vinaning'inia shingoni
kama kuku wawili wanaopelekwa Mbuyuni.
"Fundi, nishonee. Jumamosi tunacheza na Arusha."
Halafu hakuondoka.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja,
magoti yakampanda karibu na masikio,
akanitolea karatasi.
Kurasa sita. Klabu ya Kigali.
Miaka miwili, nyumba, na mshahara
ambao nikiuhesabu kwa soli
nafika Mwika kwa miguu na kurudi.
Sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

Huyu ni Aikaeli wa Ndeshi,
mwaka wa pili pale Ushirika, uhasibu.
Mama yake yuko Memorial na marobota,
ada ameilipa kwa kafa-ulaya, shati moja moja.

Mama amesema: mvumilivu hula mbivu.
Kocha amesema: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.
Mjomba wa Rombo ameuliza tu kama Kigali kuna mbege.
"Na wewe, fundi?"

Mimi?
Mimi ni mtu wa gundi na sindano.
Shule niliiacha darasa la saba,
haikunifukuza wala haikunililia.
Nikisema soma, ataangalia vidole vyangu.
Nikisema nenda, turubai hili juu ya kichwa changu
alinikopesha mama yake.

Nikageuza viatu.
Kiatu hakina adabu, husema yote mbele za watu.
Cha kulia kimelika sawasawa, kisigino na ncha.
Cha kushoto kimelika upande wa ndani,
kama sabuni iliyobaki bafuni.
Mwaka jana hakikuwa hivyo.
Anayetua namna hii ana kitu gotini.
Nikamtazama. Akatazama barabara.

"Umekwenda KCMC?"
"Nikienda wataandika, fundi."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuja kwangu.

Na nilichokijua kikanigawa.
Goti hilo linasema: nenda, nenda upesi,
uza ruka zako kabla hazijaisha dukani.
Goti hilo hilo linasema: keti, maliza hesabu zako,
maana siku nitakayogoma
ya Kigali itachanwa, cheti hakichanwi.
Shahidi mmoja, hukumu mbili.
Hata hakimu angeomba maji.

Ng'ambo, Anaeli alikuwa anapanga mikungu.
Wageni hudhani ndizi huivia mgombani.
Ingeivia huko tungekula masazo ya ndege.
Hukatwa mbichi, ikavundikwa gizani,
ila iwe imekomaa kwanza.
Anaeli hupitisha kidole gumba kwenye pembe zake:
zikiwa bado kali, huuacha mkungu;
zikishajaa, panga.
Ukiwahi, haiivi. Inanyauka tu, ngozi juu ya ngozi.
Nikatamani binadamu naye awe na pembe
za kupapaswa.

Nikakata kipande cha ngozi,
unene wa sarafu ya mia mbili,
nikakibandika ndani, pale panapolika.
"Hiki kitakushika mpaka Jumamosi."
"Na Jumapili?"
Nikauma uzi. Mtu mwenye uzi mdomoni
hadaiwi jibu.

Akacheka kidogo, akasimama,
turubai likamgusa kichwa kama kawaida yake.
Viatu atavifuata kesho, gundi ikishakauka.

Karatasi ameiacha kigodani.
Sijui amesahau au ameniachia.
Upepo ulianza kuisoma, ukurasa kwa ukurasa,
nikaibana kwa kopo la gundi,
kisha nikabadili mawazo:
nimeikunja mara nne
nikaitia ndani ya kiatu cha kushoto.
Akitaka kuvaa, itabidi aitoe kwanza.
Akiikanyaga, nayo ni sahihi.